Upole Usiojibu

Katika kazi ya kutunza watu majumbani, swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa lina maneno mawili tu: "Jiko limezimwa?" Anayeuliza ni bwana wa makamo anayeishi katika nyumba ya kuishi kwa kusaidiwa, kaskazini mwa Uingereza. Jiko limezimwa. Amelizima mwenyewe, amegusa kila swichi, ameweka kiganja juu ya sahani yake na kuona imepoa. Anajua limezimwa na bado anauliza, na ukimtazama usoni unaona kwamba kuuliza kwenyewe kunamtesa. Mtu yeyote mwenye huruma angemjibu: ndiyo, limezimwa, twende zetu. Jibu hilo ni la kweli, ni fupi, na halimgharimu mtu chochote. Ndilo jibu ambalo bwana huyu ametuomba kwa maandishi tusimpe.

Ugonjwa wake ni ule ambao wengi huujua kwa kifupi cha OCD. Wazo hujiingiza kichwani bila kukaribishwa, la moto, la uchafu, la kufuru, la mtoto kudhurika, likaja na hofu kali. Ili aitulize ile hofu, mtu hufanya tendo: hunawa, hukagua, huhesabu, hurudia dua, huuliza. Hofu hushuka kidogo. Kisha hurudi, na ikirudi hudai zaidi ya ilivyodai mwanzo. Walio nje huona tendo tu, ile mikono iliyochubuka kwa sabuni, wakadhani huyu ni mtu anayependa usafi kupita kiasi. Sijamwona mgonjwa hata mmoja anayependa. Nimewaona wanaolia wakiwa wameinamia sinki kwa sababu wanataka kuacha na mikono haikubali.

Mwaka 1978 watafiti wawili waliokuwa London, Stanley Rachman na Padmal de Silva, waliwauliza watu wa kawaida wasio na ugonjwa huu kama nao hupatwa na mawazo mabaya yanayokuja yenyewe. Karibu asilimia 80 walikubali. Nadhani kila mhudumu angepaswa kuelezwa jambo hili siku yake ya kwanza kazini, kabla hata ya kufundishwa kumwinua mtu kitandani. Mama mwenye kisu mkononi anaweza kupitiwa na wazo la kutisha juu ya mwanawe aliyekaa pembeni, akashtuka, akaendelea kukata vitunguu. Kwa mgonjwa wazo lile lile halipiti. Huligeuza onyo, akajiona ndiye pekee mwenye dhamana ya kuzuia balaa. Anayeogopa kuichoma nyumba ya jirani mara nyingi ni mtu anayewajali majirani kwa kiwango kinachomchosha.

Sasa lirudie lile jibu la jiko. Ukimwambia limezimwa, atapumua. Utafurahi, naye atakushukuru. Lakini kichwani mwake kimeandikwa kitu kimoja zaidi: nimeokoka kwa sababu nimeuliza. Kesho atauliza mara mbili. Baadaye atataka jibu liwe na sauti fulani, lisemwe na mtu fulani, na akilisikia likisemwa kwa haraka litakuwa halikuhesabika. Ni kumnywesha mwenye kiu maji ya bahari. Familia nyingi zimefika mahali ambapo nyumba nzima inaishi kwa kufuata taratibu za mgonjwa: viatu vinaachwa uani, wageni hawakaribishwi, mume anapiga picha ya pasi iliyochomolewa na kumtumia mkewe kazini. Walianza kwa mapenzi, na kila hatua ilionekana ndogo.

Tiba iliyobadilisha mambo ilianzia pale pale London. Mwaka 1966 Victor Meyer wa hospitali ya Middlesex alieleza habari za wagonjwa wawili aliowatibu kwa njia iliyokuwa mpya: waliwekwa karibu na yale waliyoyaogopa, kisha wakazuiwa wasifanye taratibu zao, mpaka hofu ikapungua yenyewe. Kinachonigusa ni nani waliofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ni wauguzi, watu waliokaa na mgonjwa asubuhi na jioni, wakati wa chakula, wakati wa kuoga. Daktari alikuwa na wazo. Waliolibeba ni wale waliokuwapo. Mwongozo wa taasisi ya Uingereza inayoitwa NICE, uliotolewa mwaka 2005, unaiweka njia hiyo, pamoja na tiba ya kuzungumza na dawa, katika matibabu yanayopendekezwa. Siku hizi hazuiwi mtu. Hukubali mwenyewe, huchagua aanze na lipi, na hupanda kidogo kidogo. Kumfungia mtu bomba la maji bila ridhaa yake ni ukatili, hata kama aliyelifunga ana nia njema, na mhudumu asiye mtaalamu hana haki ya kubuni mazoezi yake mwenyewe.

Mpango wa matunzo wa bwana wa jiko una ukurasa aliouandika yeye pamoja na mtaalamu wa saikolojia anayemtibu. Jiko hukaguliwa mara moja, kwa macho. Mlango hufungwa. Akiuliza, hajibiwi, huambiwa maneno waliyoyachagua wao. Chini yake ameorodhesha tusiyopaswa kufanya, na hapo mwandiko wake unazidi kuwa mkubwa: msinigombeze, msiniharakishe, msinishike mkono, msicheke.

Asubuhi moja ya baridi tulikuwa tunatoka kwenda kununua mkate na maziwa. Alifunga mlango, akasimama, ufunguo ukiwa bado mkononi. Kidole gumba kikaanza kusugua meno ya ule ufunguo, kwenda na kurudi. Pumzi zetu zilikuwa zinaonekana hewani kama ilivyo huko wakati wa baridi, na bado jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Limezimwa?" Nikamwambia maneno yaliyo kwenye ukurasa: "Naona hofu imepanda. Nipo hapa." Akauliza tena. Nikarudia. Akakasirika, akaniambia mimi ni katili, neno moja tu lingemtosha, kwani ningepungukiwa na nini? Sikugeuka, sikutazama saa, sikuingiza mikono mfukoni. Jirani akapita na mbwa wake, akatusalimu, tukamwitikia wote wawili. Tuliendelea kusimama. Kidole kilizidisha kasi, kikazidisha tena, halafu kikawa kinasita, na mwisho kikatulia. Hakusema kwamba sasa ana hakika. Alisema, "Bado naogopa, lakini twende."

Hayo maneno manne nimeyafikiria sana. Mimi nimezaliwa na kukulia Tanga, na huko kwetu mtu akishikwa na hofu huambiwa usijali, hakuna kitu, huletewa maji, hushikwa bega. Huo ndio wema niliorithi na siuonei haya. Umewabeba watu wengi katika misiba na magonjwa. Lakini ndani yake mna imani ambayo sikuwahi kuihoji, kwamba kumsaidia mtu ni kumwondolea shaka. Bwana huyu alinionyesha msaada wa namna nyingine: kumsindikiza mtu akiwa na shaka yake ile ile, bila kumpunguzia na bila kumwacha. Hapa duniani hakuna aliye na hakika kamili kwamba nyumba yake haitaungua. Sisi wengine tumejaliwa kuishi na shaka hiyo bila kuihisi. Yeye anaihisi kila siku, na anatoka nje nayo. Mimi huo nauita ushujaa, na ninausema mbele yake kila ninapoona nafasi.

Kuna namna mbili za kutojibu. Unaweza kunyamaza ukiwa umekunja uso, macho kwenye simu, na mgonjwa akaelewa kwamba amekuchosha. Na unaweza kunyamaza ukiwa umemwelekea, mwili wako wote ukimwambia kwamba una muda. Ya kwanza ni adhabu. Ya pili ni kazi ngumu kupita inavyoonekana, maana hofu ya mwenzako hukuingia na wewe, na ulimi unawasha kutaka kusema lile neno moja. Mara nyingi tunawahakikishia watu ili sisi wenyewe tupumzike.

Kazi hii inataka muda, na muda ndicho kitu adimu kuliko vyote katika matunzo ya majumbani Uingereza. Wahudumu wengi hupangiwa ziara za dakika 15. Mwongozo wa NICE wa mwaka 2015 kuhusu matunzo ya nyumbani unataka ziara isiwe chini ya nusu saa, isipokuwa kwa kazi ndogo maalumu inayofanywa na mtu ambaye mteja anamfahamu. Kwa dakika 15 huwezi kusimama mlangoni mpaka kidole kitulie. Utajibu tu, au utafunga mlango kwa niaba yake, na ugonjwa utakuwa umeshinda kwa sababu ya ratiba. Kubadilisha wahudumu kila wiki kuna madhara hayo hayo: wanne wanafuata ukurasa, wa tano anaingia na moyo wake mzuri na kusema limezimwa, na kuanzia siku hiyo mgonjwa humsubiri yule wa tano. Uingereza ilipofungua viza kwa wahudumu wa matunzo mwaka 2022, Wakenya, Wazimbabwe, Wanigeria na wengine wengi kutoka Afrika waliingia katika kazi hii, na nimewaona watu wenye subira ya ajabu wakipangiwa nyumba saba asubuhi moja. Subira yao haina mahali pa kukaa.

Hata hivyo, katika sheria za huko kuna jambo ambalo ningependa kila familia yenye mgonjwa ilijue. Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014, inayotumika England, inataka halmashauri impime mtu anayeonekana kuhitaji msaada. Kanuni zake, zilizoanza kutumika Aprili 2015, zinataja mambo kama kula, kujisafisha, kuvaa, kutumia nyumba kwa usalama na kuwa na uhusiano na watu, na zinauliza kama mtu anashindwa mawili au zaidi. Neno kushindwa limefafanuliwa kwa upana. Anayeweza kuoga peke yake lakini akachukua muda mrefu kupita kawaida amehesabiwa kuwa hawezi. Anayeweza, lakini kwa dhiki au hofu kubwa, naye amehesabiwa hivyo hivyo. Aliyeandika vifungu hivyo alielewa. Watu wengi wenye OCD hukosa msaada kwa sababu ofisa ustawi wa jamii anauliza, "Unaweza kuoga?" nao kwa heshima zao na aibu zao wanajibu, "Naweza." Swali linalofaa ni: ukianza kuoga saa mbili, unamaliza saa ngapi, na ukimaliza unajisikiaje? Sheria hiyo hiyo inampa anayemtunza ndugu yake haki ya kupimwa mahitaji yake mwenyewe. Mke wa mgonjwa anayelala akiwa amechoka kuhesabu vitasa vya mlango naye ni mtu.

Lipo eneo moja ambalo kutojua kunaumiza zaidi. Baadhi ya wagonjwa hawanawi wala hawakagui. Taabu yao yote iko ndani: mawazo ya kumchoma mtu kisu, ya kumgusa mtoto vibaya, ya kumtukana Mungu wakati wa ibada. Mawazo hayo huwatia kinyaa. Mama aliyejifungua juzi hakubali kumwogesha mwanawe, anamwachia bibi, kwa sababu anajiogopa. Siku atakapopata ujasiri wa kulisema mbele ya mhudumu, yule mhudumu aliyefunzwa kuwalinda watoto, na ambaye hajawahi kufunzwa kuhusu ugonjwa huu, anaweza kuandika ripoti ya hatari. Mwongozo wa mwaka 2005 umelitaja jambo hili waziwazi: mawazo ya aina hiyo ni ya kawaida katika OCD na mara nyingi huchukuliwa kimakosa kuwa ni tishio, na mwenye mashaka aulize wataalamu wa ugonjwa wenyewe. Mtoto alindwe, hakuna mjadala. Lakini anayempenda mwanawe hata akaogopa kivuli chake anahitaji kusikilizwa kwanza na mtu anayeujua ugonjwa. Akipokelewa kwa mshtuko siku hiyo, huenda asilitamke tena kwa miaka.

Mwaka 2020, wa janga la korona, ulikuja na mtihani wa aina yake. Serikali za dunia nzima ziliwaambia watu wanawe mikono kwa sekunde 20, wasiguse, wakae mbali. Walioogopa uchafu waliambiwa na televisheni yale waliyokuwa wakijitahidi kuyaacha. Pamoja na wataalamu, tulijifunza kuweka kipimo: kile kinachotakiwa na idara ya afya, basi; tone la ziada ni la ugonjwa.

Nilipokuwa najifunza haya ugenini, mawazo yangu yalikuwa Tanga, kwa shangazi yangu. Ni mcha Mungu, mpole, fundi wa vitumbua, na kwa miaka mingi udhu umemtesa. Anaosha mkono, anatilia shaka kiwiko, anarudia. Amefika kichwani, anahisi nia haikutulia, anaanza upya. Adhana ya alasiri humkuta akiwa bado na adhuhuri. Nyumba ilijipanga kumzunguka: mmoja wa mabinti anajaza ndoo, mwingine anasimama pembeni na kumhesabia kwa sauti, chakula kinasubiri. Wapo waliosema ni jini, wapo waliosema ni uchamungu uliozidi, na wote walimwonea huruma.

Alimwendea sheikh, na sheikh alimweleza vizuri. Aliyetawadha kwa yakini, shaka tupu haimtengui. Kiungo kikioshwa mara tatu kimetosha, na kuzidisha kunachukiza. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Wanazuoni walilijua tatizo hili zamani: Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu siha ya mwili na nafsi, akauweka wasiwasi unaojirudia pamoja na hasira, huzuni na hofu katika maradhi manne ya nafsi, akaona kwamba upweke na kukaa bure huuzidisha. Shangazi alirudi nyumbani amefurahi. Baada ya muda alianza kumpigia sheikh simu kila baada ya sala. Fatwa ile ile, iliyo sahihi kabisa, ilikuwa imegeuka kuwa lile jibu la jiko. Namheshimu sheikh yule kwa alichofanya baadaye. Alimwambia, "Mama, nimeshakujibu, na jibu halijabadilika. Sitalirudia. Kasali." Shangazi aliumia, akalia, na akasali.

Afrika Mashariki ofisa ustawi wa jamii yupo katika halmashauri, lakini matunzo yenyewe ni ya familia, barazani na jikoni. Kwa hiyo elimu hii inawafaa binti na mjomba, imamu na padri, maana ndio wanaoulizwa maswali yenyewe. Mapadri wa kitubio wanawafahamu vizuri waumini wanaorudi kuungama dhambi ile ile iliyokwisha kusamehewa. Matibabu pia yapo. Fluoksetini na sertralini husaidia, aghalabu kwa dozi kubwa kuliko ile ya sonona, na huweza kuchukua hadi wiki 12 kabla matokeo hayajaonekana wazi. Wengi huziacha mapema wakidhani hazifanyi kazi. Klomipramini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu.

Shangazi sasa anahudhuria kliniki ya afya ya akili, na muuguzi wa huko ndiye aliyekaa na familia nzima kuwaeleza. Dada yangu, binti yake mkubwa, alinipigia simu akiwa na wasiwasi wake mwenyewe. "Sasa akiniuliza kama udhu umetimia, nimwambieje? Ni mama yangu, nitamnyamaziaje?" Nikamsimulia habari za ufunguo, za yule jirani na mbwa, za bwana aliyetoka nje akiwa bado anaogopa. Akaniuliza kama bwana huyo alinichukia. Nikamwambia kwamba kwa dakika chache, ndiyo, alinichukia, na kwamba tulinunua mkate.

Siku chache baadaye waliketi wote watatu, shangazi na mabinti zake, wakapanga. Shangazi ndiye aliyechagua aanze na adhuhuri. Maji ni kibaba kimoja, katika chombo kile kile wanachopimia mchele wa zakatul-fitri. Hakuna wa kuhesabu. Binti anakaa naye kwenye kigoda, hasemi kama umetimia au haukutimia. Siku nyingine kibaba kinatosha, siku nyingine anasimama na kwenda bombani, na hakuna anayemgombeza. Alfajiri bado inamshinda, na wamekubaliana kwamba haitaguswa mpaka atakapoitaja mwenyewe.